Jinsi ya Kuandaa Mchezo wa Redio Kuhusu Vijana Wanaozima Silaha ya Sauti: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Uganda

Hadithi ya vijana wanaopambana na silaha kubwa katika zama mbovu zijazo watu wengi huiona ni kazi ya sinema. Kwa kikundi cha shule au cha mtaa nchini Uganda, redio inafaa zaidi. Redioni huhitaji mavazi ya kijeshi, ambayo raia haruhusiwi kuvaa (tangu 2019 hata bereti nyekundu imetangazwa kuwa vazi la jeshi). Huhitaji bunduki za bandia za kuwashtua polisi wa doria, wala droni ya kuombea vibali. Unahitaji waigizaji watano, simu mbili, magodoro manne, kompyuta moja yenye programu ya bure ya Audacity, na silaha iliyofikiriwa mpaka mwisho.

Mwongozo huu ni wa mfululizo wa vipindi 6 vya dakika 12 kila kimoja. Dakika 12 zinaingia vizuri kwenye nafasi ya dakika 15 redioni, kwa sababu kituo kitataka matangazo, utambulisho na muhtasari wa kipindi kilichopita. Tengeni wiki 8: tatu za kuandika, moja ya mazoezi, mbili za kurekodi, mbili za kuhariri. Vikundi vinavyokwama mara nyingi huwa vimeandika kwa wiki moja tu.

Anzeni na silaha, shujaa atafuata

Kosa la kawaida ni kumbuni kijana jasiri kwanza, kisha kufika kipindi cha 5 na kugundua kwamba silaha haina masharti: inaweza lolote, iko popote, na inazimwa kwa kubonyeza swichi moja. Msikilizaji haogopi kitu asichokijua mipaka yake. Zaidi ya hapo, silaha ya redioni lazima isikike. Bomu redioni ni kishindo cha sekunde mbili, basi.

Tunapendekeza silaha inayomrudishia msemaji sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa. Msingi wake ni wa kweli. Tangu utafiti wa Bernard Lee mwanzoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa usemi wanajua kwamba mtu mzima akisikia sauti yake imechelewa kwa takriban sekunde 0.2, ulimi hujikwaa: anavuta vokali, anarudia silabi, anapaza sauti bila kukusudia, na wengine mwishowe hukata tamaa na kunyamaza. Mwaka 2012 Wajapani wawili, Kazutaka Kurihara na Koji Tsukada, walipewa tuzo ya Ig Nobel kwa kifaa cha mkononi kinachofanya hivyo kwa mtu aliye mbali. Hakitoi damu wala hakiachi alama. Mtawala anayetaka watu wasikutane kuzungumza asingetamani kingine.

Katika hadithi, kifaa hicho kimekua kikawa milingoti yenye spika, na wananchi wanakiita Mwangwi. Msikilizaji wa Uganda hahitaji maelezo marefu hapa. Kizindaalo (spika ya honi) kilichofungwa kwenye nguzo katikati ya kituo cha biashara, kinachotangaza vifo, mikutano na ng'ombe waliopotea, anakijua tangu utotoni. Mwangwi ni kizindaalo kilichogeuzwa.

Sasa andikeni kanuni zake kwenye karatasi moja, muibandike ukutani mwa chumba cha kuandikia:

Umbali. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20. Ukisimama mita 34 kutoka kwenye mlingoti, sauti yako huchukua sekunde 0.1 kufika na sekunde 0.1 kurudi, jumla 0.2. Ukiwa karibu zaidi, mashine inaongeza ucheleweshaji. Ukiwa mbali zaidi, haiwezi kuupunguza. Kwa hiyo kwenye mita 100 sauti inarudi baada ya karibu sekunde 0.6, na hapo Mwangwi ni usumbufu tu.

Idadi. Ili pasibaki mwanya mkubwa, milingoti isimame kila mita 70. Kampala ina kilomita za mraba zipatazo 189, hivyo ingehitajika milingoti kama 38,500. Hakuna serikali itakayoijenga yote. Itawekwa kwenye stendi za teksi, masoko, shule na nyumba za ibada, na mahali pengine patabaki huru. Mafunjo ya bonde la Lubigi ni maficho mazuri kwa sababu hii hii, tena yana sauti zake.

Umeme. Waandishi wengi hukimbilia kuzima bwawa. Pigeni hesabu kwanza: milingoti 38,500 ikila wati 150 kila mmoja ni megawati 5.8, wakati bwawa la Karuma pekee limejengwa kuzalisha megawati 600. Mlingoti mmoja unaweza kuishi kwa paneli ya sola na betri. Kukata umeme hakumalizi hadithi hii, na msikilizaji aliyezoea sola nyumbani atalijua hilo kabla yenu.

Walengwa. Mashine inamfuata msemaji mmoja kwa wakati, au wachache waliosimama pamoja. Watu mia wakisema maneno mamoja kwa pigo moja, inachanganyikiwa.

Uongo mmoja. Sauti ya mazungumzo hupungua kwa karibu desibeli 30 ikifika mita 34, na katika kelele za Kampala maikrofoni ya leo haitaipata. Hapo ndipo zama zijazo zinapoingia: maikrofoni zao zinaweza. Uongo ni huo tu. Mkiongeza wa pili, mathalani kwamba Mwangwi unasoma mawazo pia, hesabu zote za juu zinapoteza kazi.

Mhusika anayezaliwa na kanuni

Kanuni zikishakaa sawa, shujaa anajitokeza mwenyewe. Baadhi ya watu wenye kigugumizi huzungumza kwa ufasaha zaidi wanaposikia sauti yao imechelewa, na vifaa vya tiba ya usemi hutumia jambo hilo hilo. Basi binti ambaye darasani huchekwa na kumaliziwa sentensi ndiye pekee anayeweza kusema sawasawa mbele ya mlingoti. Mwiteni Akello. Wenzake wawe na majina yanayoanza kwa sauti tofauti ili sikio lisiwachanganye: Nakato, muuza nyanya, Wafula, fundi wa redio, Mzee Tumwine, aliyewahi kufunga milingoti hiyo. Wa tano aigize sauti za mtawala, mteja na wapita njia.

Tuna msimamo mkali kuhusu Akello. Kigugumizi chake kisiwe kichekesho, na kipindi cha 6 kisimponye. Mlingoti ukizimwa, anarudi kusema kama alivyokuwa anasema, na sasa watu wanamsubiri amalize. Mkimpata mwigizaji mwenye kigugumizi mpeni nafasi hiyo. Msipompata, mwigizaji ajue tofauti: anayeathiriwa na Mwangwi huvuta vokali katikati ya neno, wakati mwenye kigugumizi mara nyingi hukwama kabla ya neno kutoka, hewa imesimama kooni. Kwenye mswada msiandike "n-n-n-nataka". Andikeni (anakwama, sekunde 1) kabla ya neno.

Jambo la pili la kutendea kwa uangalifu ni kuwaita vijana hawa waasi. Gulu, Kitgum na Lira kuna wasikilizaji waliotekwa wakiwa watoto na kulazimishwa kubeba silaha katika vita iliyodumu takriban miaka 20 hadi 2006. Kwao kijana muasi si ndoto ya ujana. Wahusika wenu wasibebe bunduki, wasiape viapo vya damu, wasimlazimishe mtu kujiunga. Mtu akikataa, aruhusiwe kwenda nyumbani, na tukio hilo lisikike redioni.

Halafu lugha. Kwa wazee wengi wa kusini mwa Uganda, Kiswahili kiliingia masikioni kupitia vizuizi vya barabarani na amri za askari. Mkimpa mtawala Kiswahili na vijana lugha nyingine, mnaithibitisha kumbukumbu hiyo. Wapeni vijana Kiswahili cha kubembeleza, cha kubishania bei, cha kutaniana. Lafudhi za Arua, Busia na Bombo ziacheni zilivyo, na "nnyabo" (bibi) na "ssebo" (bwana) zibaki pale ambapo mtu angezitumia kweli. Kiswahili cha pwani kilichokaririwa kinasikika kama taarifa ya habari.

Mgawanyo wa vipindi

Kipindi cha 1: soko la Owino, biashara inakufa kwa sababu hakuna anayeweza kutaja bei. Cha 2: Akello anagundua uwezo wake, na wenye mashine wanagundua pia. Cha 3: Wafula anapima. Anapiga kofi moja na kuhesabu lini linarudi, akisogea hatua kwa hatua mpaka apate mita zake 34. Kipindi hiki ndicho chenye mafunzo mengi, kipeni nafasi. Cha 4: Mzee Tumwine anakamatwa, na kikundi kinagawanyika kuhusu kuendelea. Cha 5: kutafuta pigo litakalounganisha watu. Buganda ngoma ya ggwanga mujje tayari huwaita watu wakati wa hatari, na kila ukoo una mdundo wake, hivyo mtu hahitaji kufundishwa upya. Cha 6: stendi ya teksi.

Mwisho uzaliwe na kanuni pia. Watu wanasema pamoja kwa pigo la ngoma, mashine inapoteza mlengwa wake, mwendeshaji anaongeza nguvu ili ampate. Maikrofoni za mlingoti zinaanza kuisikia spika ya mlingoti wenyewe, sauti inazunguka, mlio mkali unapanda mpaka spika zinaungua. Kila aliyewahi kuhudhuria harusi yenye muziki wa kukodi ameusikia mlio huo, na atajua kilichotokea bila mhusika kumweleza.

Kuandika mswada

Kwa dakika 12 zenye sauti na ukimya, andikeni maneno 1,200 hadi 1,300. Yakizidi 1,400 waigizaji wataanza kukimbia. Tukio moja lisiwe na wasemaji zaidi ya watatu. Anayeingia ajitaje au aitwe jina ndani ya sentensi mbili. Sauti ziandikwe kwenye mstari wake, zipewe namba, na urefu wake ujulikane. Hivi:

SAUTI 4: Soko. Jenereta mbali. Kaloli (korongo wakubwa) wawili wanagonganisha midomo juu ya paa.
NAKATO: Nnyabo, karibu! Nyanya za leo hizi, rundo elfu mbili!
SAUTI 5: Mngurumo unaingia, sekunde 3. Jenereta inazama chini yake.
NAKATO: Ma-mama, rundo elfuuu... elfu m... (ananyamaza)
MTEJA: Bei gaaani? Bei... bei ga...
SAUTI 6: Ukimya, sekunde 1.5.
AKELLO: (kwa mbali, taratibu, bila kukwama) Elfu mbili. Anasema ni elfu mbili.

Ukimya ni kifaa chenu chenye nguvu kuliko vyote, lakini usivuke sekunde 3. Zaidi ya hapo msikilizaji hudhani masafa yamepotea na huanza kuzungusha kitufe.

Kurekodi

Kusini mwa Uganda, pangeni kurekodi Juni hadi Agosti au Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba mvua juu ya mabati itawapotezea siku nzima. Chagueni chumba kidogo, mbali na barabara ya boda. Simamisheni magodoro matatu nyuma na pembeni mwa mwigizaji, moja liwekwe chini, blanketi zito litundikwe mlangoni. Pigeni kofi: mkisikia mlio mfupi wa chuma ukutani, ongezeni nguo. Chumba chenye mwangwi wake ni hatari kubwa kwa hadithi hii hasa, kwa sababu msikilizaji hatajua lini silaha imewaka.

Simu iwe kwenye hali ya ndege, la sivyo mlio wa mtandao utaingia. Iwekwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi za "p" na "b" zipite kando. Rekodini kwa WAV, 48 kHz, biti 24, chaneli moja. Hiyo ni takriban MB 8.6 kwa dakika, karibu MB 520 kwa saa, kwa hiyo angalieni nafasi kabla hamjaanza. Kwenye kipimo cha programu ya kurekodi, vilele vya sauti vikae kati ya desibeli -12 na -6. Kikigusa 0 rudieni mstari, maana sauti iliyopasuka haitengenezeki. Simu ya pili irekodi kwa mbali kidogo kama akiba. Kila siku, kabla ya mtu kuondoka, rekodini sekunde 30 za chumba kitupu. Mtazihitaji kuziba mapengo.

Kujikwaa kwa Nakato kunaweza kuwa kwa kweli. Kuna programu za simu za tiba ya usemi zinazochelewesha sauti. Ziwekeni kwenye milisekunde 200, mwigizaji avae spika za masikioni zenye waya, asome mistari yake. Zisizo na waya zina ucheleweshaji wao wenyewe, hivyo hamtajua mmefika ngapi. Sauti isizidi kiwango cha mazungumzo, isipite dakika 2 mfululizo, na akisikia kizunguzungu mwache hapo hapo.

Kutengeneza sauti ya Mwangwi

Fungueni mstari safi wa mwigizaji kwenye Audacity. Unakilini kwenye njia ya sauti (track) ya pili, kisha sogezeni nakala mbele kwa sekunde 0.2 kamili. Kwenye nakala peke yake, kateni kila kilicho chini ya Hz 400 na juu ya Hz 4,000 ili isikike kama imetoka kwenye spika ya honi. Anzeni nakala ikiwa desibeli 6 chini ya sauti halisi, ipandishwe polepole kwa sekunde 4 mpaka zilingane. Msizidishe zaidi: msikilizaji akishindwa kuelewa maneno kwa zaidi ya sekunde 10, anaacha kusikiliza. Yeye mwenyewe hatajikwaa, kwa sababu hasemi.

Mngurumo wa kuwaka kwake rekodini kwenye mashine ya kusaga unga, mita 3 kutoka kwenye mota, kisha punguzeni kasi kwa nusu. Hapa vikundi hujidanganya kwa spika kubwa. Umeme wa Uganda ni wa Hz 50, na mngurumo huo wa chini hupendeza studio, lakini redio ndogo ya betri haiutoi kabisa. Ongezeni nguvu kati ya Hz 200 na 400, kisha sikilizeni kwenye redio ndogo na kwenye spika ya simu kabla ya kukubali.

Mlio wa mwisho wa kipindi cha 6 utengenezeni kwa toni ya Hz 2,500 inayopanda kwa sekunde 1.5. Usivuke desibeli -12, wala sekunde 2. Kuna watu watakuwa wamevaa spika za masikioni.

Sauti nyingine ni rahisi. Mlango wa mlingoti ni kifuniko cha sanduku la chuma la mwanafunzi wa bweni. Barabara ya murram ni karai la kokoto na viatu vya ngozi. Mafunjo ni majani makavu ya mgomba yakisuguliwa taratibu. Midomo ya kaloli ni vipande viwili vya mwanzi.

Kuchanganya na kurusha

Sauti za mazingira zikae desibeli 15 hadi 20 chini ya mazungumzo. Kwa kusambaza kwenye simu, lengeni LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) na kilele kisichozidi desibeli -1. Kwa redio, ulizeni kituo kiwango chao kabla ya kumaliza, kwa sababu mitambo yao itabana sauti tena na ukimya wenu unaweza kujazwa kelele. Tumeni MP3 ya kbps 192, lakini WAV zote zitunzeni sehemu mbili tofauti.

Mtayarishaji wa kituo atauliza kuhusu Sheria ya Mawasiliano ya 2013, inayoweka viwango vya chini vya utangazaji chini ya UCC, yaani Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Jibu lenu liwe tayari: mtawala ana jina la kubuni, jumba lake la udhibiti liko kwenye kilima cha kubuni, hakuna chama wala mtu wa kweli anayetajwa. Mitaa wanamoishi watu ndiyo pekee ibebe majina halisi. Hakuna king'ora cha kweli wala muziki wa taarifa ya habari ya kituo hicho, na mtangazaji anasema ni mchezo wa kuigiza mwanzoni na baada ya kila tangazo. Anayewasha redio katikati ya ghasia za kipindi cha 6 lazima ajue ndani ya dakika chache kwamba Kampala iko salama. Waigizaji wasaini ridhaa ya maandishi. Walio chini ya miaka 18, mzazi asaini. Ngoma na nyimbo rekodini wenyewe ili msigombane na wenye hakimiliki.

Mkirusha pia kupitia kizindaalo, tengenezeni mchanganyiko wa pili. Kwenye kituo cha biashara sauti itagonga kuta za maduka na kurudi yenyewe, na msikilizaji aliye mita 50 kutoka kwenye nguzo atasikia mwangwi wa ukuta juu ya Mwangwi wenu. Punguzeni nakala iliyochelewa kwa desibeli 4 hadi 6, ongezeni nafasi kati ya mistari kwa nusu sekunde, ondoeni kokoto na majani ya mgomba kabisa, na mfanye jaribio moja saa kumi na mbili jioni, wakati watu wamejaa, kwa sababu miili yao na nguo zao hubadilisha sauti ya mahali.